Paa ni langu, maji ni ya mlima mzima

Ukitaka kujua upepo wa usiku umepiga mtaa gani hapa Mwanza, kaa nyuma ya kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi asubuhi yake. Kabla ya saa mbili utakuwa umeshajua kama ni Igoma, Buhongwa au Mkolani. Watu wanaingia na tope kwenye ndala, mwingine ameshika kipande cha bati lililokunjika ili umpe linalofanana nalo, na wote wanaulizia vitu vilevile: misumari ya bati, mbao za mbili kwa mbili, kofia za kufunika kilele cha paa, na turubai la kufunikia vitu mpaka fundi apatikane. Mimi ndiye ninayewauzia. Na kwa kuwa wengi wao niliwahudumia pia walipokuwa wanajenga, huwa nakumbuka walichokataa kununua wakati ule.

Anayejenga hubana pesa mahali pasipoonekana. Vigae vya sebuleni atavigeuza na kuvigeuza, atampigia mkewe simu ya video amwoneshe rangi. Ukimtajia waya wa kufungia kenchi, zile mbao zinazobeba paa, atakwambia, "Hayo fundi anajua mwenyewe." Fundi naye amepatana kazi kwa jumla, kwa hiyo kila kilo ya waya isiyonunuliwa inabaki mfukoni mwake. Sisemi mafundi ni wezi, nina ndugu mafundi na ninakula nao sahani moja. Nasema kazi isiyokuwa na msimamizi haifanyiki.

Wateja wengi hudhani upepo unaangusha paa kwa kulisukuma. Upepo unalinyanyua. Ukipita kwa kasi juu ya bati unalivuta juu, na mvuto huo ni mkali zaidi kwenye kingo na kwenye kona. Mlango ukifunguka au kioo kikavunjika, hewa inajaa ndani na kusukuma kutoka chini, na sasa bati linavutwa na kusukumwa kwa pamoja. Ndiyo maana nyumba nyingi zinazoezuliwa huanzia kwenye kibaraza, pale paa lilipotokeza mbele bila kitu cha kulishika. Kibaraza kikitoka, bati zinazofuata zinatoka moja baada ya nyingine.

Kwa hiyo mteja akinipa muda wa kumweleza, namweleza mambo haya. Geji ya bati huenda kinyume na watu wanavyofikiri: namba ikipanda, unene unapungua, kwa hiyo geji 28 ni nene kuliko geji 30. Msumari hupigwa kwenye mgongo wa bati, haupigwi kwenye bonde lake, maana bondeni ndiko maji yanakopita, na ule mpira ulio chini ya kichwa cha msumari una kazi yake, usiung'oe. Pembezoni mwa paa misumari iwe ya karibu karibu kuliko katikati. Halafu kenchi zenyewe zifungwe kwenye ukuta. Kupiga misumari ya inchi nne kwa mshazari na kuondoka hakutoshi, kwa sababu msumari ukivutwa juu unatoka ulikoingilia. Nondo nyembamba au waya mnene huachwa ukichomoza kwenye linta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha, kabla zege halijamwagwa, kisha unakunjwa kuizunguka mbao na kukazwa. Kama nyumba imeshaisha na haukuwekwa, bado inawezekana kutoboa ukuta chini ya linta na kuupitisha. Ni usumbufu wa siku chache, lakini paa linakuwa limefungwa kwenye uzito wa nyumba nzima.

Kuhusu linta, sitanii hata kidogo. Watu wanaweka zege juu ya milango na madirisha tu, mahali penye tundu, kisha wanaendelea na tofali. Linta inatakiwa izunguke nyumba yote, ikutane na yenyewe. Usiku wa tarehe 3 Machi 2015, mvua ya mawe na upepo ilipiga kijiji cha Mwakata, Kahama, jirani zetu wa Shinyanga. Walikufa watu zaidi ya 40, wengi wao wakiwa wamelala, kuta za udongo zikawaangukia. Mwaka uliofuata, tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9 likaitikisa Kagera. Hata sisi huku Mwanza tulilisikia. Bukoba kuta zilipasuka na kulala chini, na shule ya sekondari ya Ihungo ilibidi ijengwe upya. Moja ni janga la angani, jingine la ardhini, lakini ukuta unaouawa ni uleule: usio na mkanda wa kuushika juu, umesimama kwenye tofali ambazo kwa chini zimeshaanza kuyeyuka kwa mvua. Mwenye nyumba ya tofali mbichi asisubiri mpaka apate pesa ya kubomoa na kujenga upya. Apige plasta ya saruji kwenye futi mbili za chini kwa nje, arefushe ukingo wa paa kidogo ili matone yaanguke mbali na ukuta, na achimbe mfereji wa kuondoa maji. Futi hizo mbili ndizo zinazobeba zilizobaki.

Kuna mtindo umeingia mjini wa kuficha paa nyuma ya ukuta, nyumba inaonekana ina kichwa bapa. Inapendeza, sikatai. Lakini maji yote ya paa hilo yanaishia kwenye gata moja, mfereji wa kukusanya maji ya paa, lililojificha nyuma ya ukuta, na huku kwetu mvua ikija na mawe, gata linajaa barafu na majani ya mwembe ndani ya dakika chache. Maji yakikosa pa kwenda yanarudi ndani, yanashukia kwenye dari. Anayetaka nyumba ya aina hiyo aweke matundu ya dharura kwenye ule ukuta, ili gata likiziba maji yaruke nje. Nimeuza jipsamu nyingi za kurudishia dari kwa watu ambao hawakuyaweka.

Radi nitaipitia haraka. Ziwa letu lina tabia yake. Usiku nchi kavu inapoa upesi kuliko maji, upepo unatoka pande zote kuelekea ziwani, unakutana katikati, na hewa ile yenye joto na unyevu inapanda na kuwa mawingu ya radi. Wavuvi wa dagaa wanajua, wao ndio wanaokuwa huko na karabai zao. Sisi wa nchi kavu tunaletewa mabaki yake usiku wa manane au alfajiri, tukiwa tumelala na televisheni iko kwenye plagi. Zima meni swichi, chomoa plagi, na usiguse bomba wala waya wa kuanikia nguo. Waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme ardhini, uchimbiwe pamoja na mti wake wa shaba kwenye udongo wenye unyevu, na hapa pana shida, maana sehemu kubwa ya milima yetu ni mwamba; fundi wa umeme akikutana na jiwe futi moja chini huwa anaukunja ule mti wa shaba na kuufukia hivyohivyo. Mtafutie sehemu yenye udongo hata kama ni mbali na nyumba, umnunulie waya wa kufika huko. Habari za kufunika vioo na za radi za kutumwa siziingilii, kila mtu na wazee wake. Ila hata mzee anayeamini radi ya kutumwa atakubali kwamba chini ya mti si mahali pa kujificha.

Mama yangu mdogo alikuwa anakaa Igombe, karibu na mwalo. Alipenda kuwa karibu kwa sababu biashara yake ni dagaa: mitumbwi ikiingia alfajiri, yeye yuko pale. Mvua za mwisho wa 2019 zilikuja na nguvu, maji ya Bahari ya Hindi yakiwa yamepata joto upande wetu wa Afrika, na masika ya 2020 ikaunganisha. Sehemu kubwa ya maji ya Ziwa Victoria ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na njia ya asili ya kutokea ni moja tu, kule Jinja nchini Uganda yanakoanzia safari ya Mto Naili. Kwa hiyo mvua ikizidi, ziwa linapanda polepole na halina haraka ya kushuka. Mei 2020 kipimo cha Jinja kilifika mita 13.42, kikaipita rekodi ya 13.41 iliyokuwa imesimama tangu 1964.

Mafuriko ya ziwa hayafanani na ya Mto Mirongo. Mirongo unakuja kwa kishindo na kesho yake umeondoka, umekuachia tope na viatu visivyo vyako. Ziwa haliji kwa kelele. Mama mdogo aliona kwanza shimo la choo linajaa wakati wamebaki wawili tu nyumbani. Halafu sakafu ya jikoni ikawa na ubaridi wa ajabu, saruji ikabadilika rangi, na siku moja alipoinua mkeka akakuta maji yametokeza kwenye ufa. Ziwa lenyewe bado lilikuwa hatua kadhaa kutoka mlangoni! Maji yalikuwa yanapanda kutoka chini, ndani ya ardhi. Viroba vya mchanga ambavyo majirani walikuwa wanavipanga mbele ya milango vilikuwa vinazuia mawimbi tu, si maji. Na choo kikishachanganyika na kisima, hapo hadithi ni kipindupindu na kuhara, nyumba inakuwa jambo la pili.

Wakati wengine wanasubiri ziwa lishuke, yeye aliita vijana akavua nyumba yake mwenyewe. Alitoa bati, akatoa mbao, fremu za milango, madirisha, hata nondo za dirishani. Nilikwenda kumsaidia na nikamuuliza, "Mama, huoni mapema? Labda litarudi." Akanijibu bila kusimama, "Likirudi mimi nitakuwa nimeshahama. Nikingoja likaja, bati zangu zitakuwa zimeoza." Akajenga juu zaidi, upande wa pili wa barabara, kwa vifaa vilevile. Pale mwaloni akaacha kibanda cha bati chepesi cha kuhifadhia dagaa, kitu ambacho watu wanne wanakibeba. Mei 2024 ziwa likapanda tena na kuipita hata alama ya 2020. Watu wanne wakakibeba kibanda, yeye akaendelea kulala kwake.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza ujenzi wa kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Watu wa mwaloni wanaisikia hiyo wanaona ni bughudha ya serikali, na naelewa, chakula chao kiko majini. Lakini ukipima kwa hatua pale Igombe, maji ya 2020 yalikuwa yanaisoma sheria hiyo kuliko sisi. Ziwa huwezi kulipandia ukaliambia lipunguze. Unachoweza ni kusogea, na kusogea wakati vitu vyako bado ni vikavu.

Mlimani ndiko kuna mazungumzo, na huko ndiko ninakokaa.

Nyumba yangu iko Mabatini, upande wa juu, kule ambako gari halifiki na mchanga unabebwa kichwani kwa ndoo. Sifa ya Mwanza ni mawe, watalii wanapiga picha. Sisi tunaolala kati ya mawe hayo tunajua kwamba mwamba haunywi maji. TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, wakitangaza mvua kubwa, wanamaanisha zaidi ya milimita 50 ndani ya saa 24. Redioni haitishi, milimita 50 hazifiki hata urefu wa kidole. Sasa piga hesabu. Paa la mita 10 kwa 10 lina mita za mraba 100. Milimita 50 juu yake ni lita 5,000. Ni lile tangi kubwa jeusi ambalo halipiti kwenye mlango wa mtu, limejaa mpaka juu, na hilo ni paa moja. Juu yangu nyumba zimepandana mpaka kwenye vilele vya mawe. Zamani mvua ilinyeshea vichaka na udongo, kiasi kikazama. Leo inanyeshea bati na mwamba, yote inashuka, na inashuka kwa mara moja.

Jirani yangu wa juu ni mtu mwema, msiba ukitokea yeye ndiye wa kwanza kuzunguka na daftari la michango. Ila paa lake halikuwa na gata. Upande mzima ulimwaga maji kwenye kijia kinachoishia mgongoni mwa nyumba yangu. Ukuta wa chumba cha watoto ulikuwa na unyevu mpaka usawa wa kitasa. Rangi ilivimba malengelenge, ukiyagusa yanadondoka na unga mweupe wa chumvi, na nyuma yake tofali limelainika kiasi cha kuingia ukucha. Ningeweza kupaka rangi nyingine. Wengi hufanya hivyo, nawauzia rangi hiyo kila baada ya masika.

Nilipanda kwake jioni moja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, jirani. Karibu, kaa hapo."

"Nimekuja kwa habari ya maji."

Akatazama juu. "Mvua ni ya Mungu, jirani."

"Mvua ni ya Mungu, mzee, lakini bati ni lako."

Alinyamaza kidogo, kisha akacheka mpaka akakohoa, akamwita mkewe aje asikie. Baada ya hapo mambo yakawa mepesi. Yeye angenunua gata, mimi ningenunua bomba na kumlipa fundi, na maji yangeingia kwenye tangi lake. Mgao wa maji ukikatika, nami ninachota. Tangi likijaa, bomba la kumwagia lipeleke maji kwenye mtaro wa mawe pembeni mwa mpaka wetu, yasipite tena kwenye kijia.

Kabla ya kuchimba nilishuka kwa bibi anayekaa chini yangu. Maji hayapotei, yanahama, na hayo tuliyokuwa tunayafunga vizuri kwenye mtaro yangetoka mwishoni mwake yakiwa na kasi kuliko mwanzo, moja kwa moja kwenye jiko lake. Nilimkuta anachambua mchele. Nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaweka ungo chini, akanyanyuka, akanipeleka nyuma ya choo chake.

"Mwanangu, hapa palikuwa na mkondo. Nilipoolewa tulikuwa tunaosha vyombo hapa wakati wa masika. Nyumba zikaja, wakaufukia. Rudisheni maji hapa, msiyalete jikoni kwangu."

Hakuna mpimaji ambaye angetuambia hilo kwa bei ile. Tuliufuata mkondo ule kwa macho kwenda chini: ulipita kwenye mpaka wa viwanja viwili, ukapita chini ya ukuta wa nyumba ya wapangaji, ukaishia kwenye korongo linaloingia Mirongo. Nyumba ile ya wapangaji huvuja kila mwaka mahali palepale, na wapangaji wanaamini sakafu ilichanganywa vibaya. Kumbe imejengwa juu ya mkondo. Yeyote anayenunua kiwanja cha mlimani ninamshauri, kabla ya kumwita mpimaji, atafute mwanamke mzee wa mtaa huo na amuulize alikuwa anachota maji wapi.

Mwenyekiti wa mtaa alituita, kaya zote zinazopakana na njia ile, tukakaa chini ya mwembe. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba saruji ndiyo sehemu rahisi. Mawe tunayo, nguvu za vijana zipo. Ugumu ni kwamba kila mtu anataka mtaro, na kila mtu anataka upite kwa mwenzake. Mmoja alisema yeye yuko juu, maji hayamsumbui, kwa nini achange? Jirani yangu wa juu, yuleyule wa mvua ya Mungu, akamjibu: "Hayakusumbui kwa sababu ni ya kwako." Akachanga. Tukaandika karatasi, kila mmoja akasaini, mwenyekiti akapiga muhuri, ili kesho mtu akiuza kiwanja mnunuzi asije na ukuta wake akaziba.

Mtaro wenyewe tuliujenga kwa ngazi ngazi. Kwenye mteremko mkali mtaro ulionyooka unayapa maji mbio, yanafika chini yanachimba msingi wa mtu. Ngazi zinayavunja nguvu. Pale unapoanzia tuliweka chekecheo la nondo kuzuia takataka. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 2019, lakini chupa za maji na pampasi zipo tele, na pampasi moja ikinasa kwenye kona inatosha kulaza mtaro mzima. Chekecheo linasafishwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, na wakati wa mvua linasafishwa na yeyote aliye karibu. Kwa kawaida huyo ni bibi.

Ukuta wa kuzuia udongo nyuma ya nyumba yangu ni wa mawe, na kuta hizi watu wengi wanazikosea kwa njia moja. Wanajenga mnene, wanaziba kila tundu kwa saruji, wanasimama mbali kuutazama wanaona ni imara. Kinachouangusha si udongo peke yake, ni maji yaliyokwama nyuma ya ukuta. Udongo uliolowa unasukuma mara nyingi zaidi ya ule mkavu. Weka vipande vya bomba vinavyopenya ukuta, safu ya chini na safu ya kati, na nyuma yake jaza kokoto badala ya udongo ili maji yapate njia ya kuyafikia mabomba. Baada ya mvua mabomba yanatakiwa yatoe machozi. Yakikauka wakati mlima wote umelowa, kuna kilichoziba, chukua nondo ukayazibue. Na ukiona ukuta umeanza kutoa tumbo katikati, hamisha kitanda kwanza, fundi baadaye.

Juu kidogo ya nyumba ya jirani kuna jiwe. Ni kubwa kuliko vyumba vyetu viwili, limekaa juu ya jiwe jingine na chini yake kuna udongo. Mawe ya aina hiyo yamekaa hapo miaka na miaka, na wenyeji wanasema Mungu aliyaweka hayaanguki. Yanakaa kwa sababu udongo na mizizi vinayashikilia. Wanaopasua kokoto huwasha moto wa matairi juu ya mwamba mpaka upate nyufa, kisha wanaugonga kwa nyundo. Ni riziki yao, lakini ufa huo unaingia maji na hauishii pale walipogongea. Nilichukua rangi nyekundu iliyobaki dukani nikapaka mstari kwenye jiwe lile, usawa kabisa na udongo, kulizunguka. Masika ilipokwisha, upande wa mteremko, kati ya mstari na udongo pakawa na upana wa kiganja. Upande wa juu udongo ulikuwa bado unagusa rangi. Mstari ule uliwafanya watu wakubali jambo ambalo maneno yalishindwa, maana kila anayepita anauona. Wapasua kokoto wamehamia upande mwingine wa mlima baada ya mwenyekiti kuwapeleka waone. Tumeziba nafasi kwa mawe na zege, tukapanda mkonge na majani ya vetiva kwa mistari inayokata mteremko, na mtaro wa juu tukaukunja upite mbali. Mhandisi wa halmashauri ameombwa aje alitazame. Mpaka atakapokuja, TMA wakitoa angalizo, familia iliyo chini ya jiwe inalala kwa ndugu, na hakuna anayewacheka.

Ndani ya nyumba mambo ni machache. Hati ya kiwanja, vyeti vya kuzaliwa, vya shule na vitambulisho vya NIDA viko kwenye mfuko wa plastiki ngumu, ndani ya begi linaloning'inia nyuma ya mlango, juu ya usawa ambao maji yanaweza kufika. Tochi iko humohumo. Watoto wanajua wakisikia mlima unanguruma na si radi, wanatoka kwa mlango wa pembeni kuelekea kwenye mwamba mkubwa usiokaa juu ya kitu, hawashuki kijia. Namba ya zimamoto, 114, imeandikwa kwa mkaa ukutani. Mke wangu alitaka kuipaka rangi juu, nikakataa.

Kilichobaki ni kipande cha mwisho cha mtaro, kile kinachopita kwenye kiwanja kitupu kabla ya korongo. Mwenye kiwanja yuko Dar es Salaam. Kwenye simu anasema sawa, hana neno, lakini karatasi hajasaini, na shemeji yake anayekiangalia ameshamwaga lori la tofali palepale mkondo unapopita. Vuli inaanza Oktoba. Mwenyekiti amepanga kwenda na bibi kwa huyo shemeji Jumapili baada ya ibada, maana bibi alimlea, na mimi nimewekewa kando mifuko ya saruji dukani mpaka mwisho wa mwezi.